Moyo Ukikata Njiani: Historia Inamsaidiaje Mhujaji wa Baiskeli Aendaye Namugongo?

*"Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Mwanza. Mwaka jana tuliondoka vijana sita wa parokia kwa baiskeli kwenda hija Namugongo, karibu na Kampala, Uganda, tuwahi sikukuu ya Juni 3. Natumia Phoenix ya kawaida isiyo na gia. Siku ya tatu, kabla ya kufika Biharamulo, moyo ulikata kabisa. Sikuwa na homa, baiskeli ilikuwa nzima. Nilikaa pembeni ya barabara nikalia, kisha nikapanda basi kurudi nyumbani. Wenzangu watano walifika. Safari ile ilikuwa nadhiri niliyoiweka mama alipokuwa amelazwa. Mwaka huu nataka kurudia. Katekista ameniambia nisome historia ya Mashahidi wa Uganda na ya sehemu tutakazopita, ndiyo itanitia nguvu. Nimejaribu, lakini kila nikisoma walivyochomwa moto najiona mnyonge zaidi, mimi niliyeshindwa kunyonga baiskeli tu. Je, historia inamsaidia kweli mtu aliyechoka miguu, au ni maneno ya kufarijiana?"*

Milele amina, ndugu yangu. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja: kilichokupata pale barabarani, na kama kusoma habari za watu wa kale kunaweza kukizuia kisirudi. Katekista wako hajakosea, ila amekupa dawa ya pili kabla ya ile ya kwanza. Na namna ulivyoanza kuisoma hiyo historia ndiyo hasa inayovunja watu moyo. Tuanze na mwili.

Siku ya tatu ya safari ndefu huwaangusha wengi, na sababu yake inaeleweka. Misuli na ini huhifadhi sukari ya kazi, lakini akiba hiyo ni ndogo: ukinyonga kwa nguvu bila kula, inaisha ndani ya saa moja na nusu hadi mbili. Siku ya kwanza unaondoka ukiwa umeshiba. Usiku unakula wali sahani moja, unalala umechoka, akiba inajaa nusu. Siku ya pili unaikausha tena. Siku ya tatu asubuhi unakunywa chai na maandazi mawili, unapanda baiskeli, na ikifika saa nne hakuna kitu. Ubongo nao unaishi kwa sukari hiyohiyo. Ikipungua, haukwambii kwamba una njaa. Unakwambia kwamba safari haina maana, kwamba wenzako hawakupendi, kwamba urudi nyumbani. Machozi yanakuja bila sababu. Mtu wa kanisani anaitafsiri hali hiyo kuwa upungufu wa imani, kisha aibu inaongezeka juu ya njaa.

Sina ushahidi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwako. Lakini hukuwa na homa, baiskeli haikuwa na tatizo, ilikuwa siku ya tatu, na ulilia. Dalili hizo zinafanana mno na njaa ya namna hiyo, kwa hiyo ianze kuondolewa hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kipimo cha kufuata ni gramu 30 hadi 60 za chakula cha wanga kwa kila saa unayonyonga. Ndizi mbivu moja ya wastani ina gramu 25 hivi. Chapati moja inakaribia 35 au 40. Soda ya chupa ndogo ina zaidi ya 30. Kwa hiyo ndizi mbili kwa saa, au chapati moja na vikombe viwili vya chai yenye sukari, inatosha. Kula ukiwa bado hujisikii njaa, kila baada ya dakika 40 hivi, kwa sababu ukisubiri mpaka mikono itetemeke utahitaji zaidi ya nusu saa kurudi katika hali yako. Maji ni nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, na jua likiwa kali, katika lita moja ya maji safi weka vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi ukidhani itaongeza nguvu, itakutapisha. Jioni kula mara mbili: kitu ndani ya nusu saa baada ya kushuka kwenye baiskeli, na chakula kamili baadaye.

Kuhusu Phoenix: ni baiskeli ya kuaminika, lakini inaumiza mtu ikiwa haijarekebishwa. Kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kupinda upande. Vijana wengi hushusha kiti ili miguu yote miwili iguse ardhi, wakafika Geita magoti yanawaka moto. Mwambie fundi akague kotapini, ile pini inayobana mkono wa pedali. Ikilegea utasikia "tok" kila mzunguko, na ukiendelea nayo hivyo inakula tundu mpaka mkono wote uharibike. Chukua mbili za akiba na nyundo ndogo. Breki za vyuma kwenye rimu ya kung'aa karibu hazishiki mvua ikinyesha, na mwisho wa Mei mvua za masika hazijaisha kabisa upande wa Kagera. Kwenye mteremko gusa breki mapema, kidogokidogo, ili zifute maji kwenye rimu kabla hujazihitaji kwa nguvu. Na kwa kuwa huna gia, kila mlima mkali shuka, sukuma. Ukitembea dakika kumi unabaki na magoti ya kesho, na katika safari ya siku kumi goti ni mali kuliko dakika.

Sasa historia.

Unaposoma habari za Juni 3, 1886, siku vijana Wakristo wa ikulu ya Buganda walipouawa Namugongo kwa amri ya Kabaka (mfalme) Mwanga, unasoma kitu kilichokwisha. Unajua Karoli Lwanga alichomwa peke yake kwa moto wa polepole, wenzake wakachomwa pamoja. Unajua Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Unaijua Basilika ya Namugongo na nguzo zake 22. Halafu unajiweka wewe, uliyekaa pembeni ya barabara na Phoenix, kwenye mizani ileile. Lazima uonekane mwepesi. Mizani hiyo si ya haki hata kidogo, kwa sababu upande mmoja umeweka mwisho wa maisha ya watu, upande wa pili umeweka saa nne asubuhi ya siku moja. Historia inatia nguvu pale unapowashika watu wa kale katikati ya jambo lao, wakati wao wenyewe hawajui litaishaje, ukaangalia siku hiyo walifanya nini.

Mfano ulio bora uko njiani kwenu, siku ya kwanza kabisa. Mmisionari Simeoni Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans walifika Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879, wakitokea upande huu wa Mwanza kwa mtumbwi. Baada ya miaka mitatu na miezi kadhaa hali ya ikulu ya Kabaka Mutesa ikawa ngumu, na Novemba 1882 mapadre wote wakaondoka Buganda. Walivuka ziwa kurudi kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa ghuba ya Mwanza, katika wilaya ya leo ya Misungwi, si mbali na njia mtakayopita kwenda Kigongo. Kule Buganda wakabaki waumini wachache waliobatizwa juzijuzi, hakuna padre, hakuna misa, hakuna tarehe ya kurudi kwa mtu yeyote. Wamisionari waliporudi mwaka 1885 walikuta kundi limeongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa amewakusanya vijana wa ikulu, Andrea Kaggwa amefundisha nyumbani kwake, Matia Mulumba na wenzake wameshika upande wa Mityana.

Liangalie jambo hilo kwa ukaribu. Zaidi ya miaka miwili, kazi yao ilikuwa kuamka, kufundisha sala mbilitatu walizozijua, kumtembelea mgonjwa, kulala. Hakuna moto wala ushujaa wa kuchorwa ukutani. Siku zako za tatu, nne na tano barabarani zinafanana na miaka ile kuliko zinavyofanana na Juni 3. Kwa hiyo ukiwa Geita au Bwanga na vumbi la malori, soma 1883.

Mityana kuna jambo lingine linalowafaa ninyi kama kundi. Masimulizi ya kanisa la huko yanasema waumini hawakuweza kwenda wote kila wiki hadi misheni karibu na makao ya Kabaka; ni mwendo wa siku mbili kwa miguu. Wakagawana: wachache wanakwenda, wanasikiliza na kukariri, wanarudi kuwafundisha waliobaki, na wiki inayofuata wanakwenda wengine. Noa Mawaggali na Luka Banabakintu ni wa kundi hilo. Fanyeni vivyo hivyo. Anayeongoza mbele anakata upepo kwa wote na anachoka kuliko wote, basi abadilishwe kila baada ya kilomita 5. Mwingine ana jukumu la chakula peke yake: anatazama saa, anasema "kuleni", na wote wanakula hata asiyetaka. Mwingine anashika viraka, solusheni na pampu. Ulipokaa pembeni mwaka jana, kundi lenu lilikuwa na mtu wa kugundua kwamba hujala tangu asubuhi? Kama halikuwa naye, kosa halikuwa lako peke yako.

Na hapa nifike kwenye basi, maana nadhani ndilo linalokuuma. Wako vijana watatu waliofungwa pamoja na kundi la Namugongo, wakafikishwa pale pale, kisha wakaachiliwa kwa amri ya mnyongaji mkuu: Denis Kamyuka, Simeoni Ssebutta na Karoli Werabe. Hawamo katika orodha ya watakatifu. Lakini sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu siku ile, nani alisema nini, nani alifungwa vipi katika matete, imetoka vinywani mwao, kwa kuwa waliishi wakatoa ushahidi uliotumika kanisa lilipochunguza habari za wenzao. Wenzao wasingetangazwa wenyeheri, hatua ya kabla ya utakatifu, mwaka 1920 bila mtu aliyerudi nyumbani mwaka 1886. Soma habari zao kabla ya kusoma za Lwanga.

Sasa namna ya kuitumia historia hiyo barabarani, maana kubeba kitabu kizima kwenye karia ni kujibebesha mzigo. Andika kadi ndogo za karatasi ngumu, moja kwa kila siku, uzifunge kwenye mfuko wa plastiki. Kila kadi iwe na mambo matatu tu: mahali, mtu, na alichofanya siku hiyo au mahali hapo. Sentensi nne zinatosha. Isomwe mara mbili, jioni kabla ya kulala na tena mahali mtakapopumzika kabla ya kipande kigumu cha siku. Isisomwe mkiwa mnanyonga, na isisomwe mtu akiwa na njaa. Mpe ndizi kwanza.

Kalenda yenyewe inawasaidia. Mkiondoka Mwanza Mei 23, Mei 25 mtakuwa maeneo ya Biharamulo, palepale ulipoishia. Tarehe hiyo mwaka 1886 ndipo Denis Ssebuggwawo alipochomwa mkuki Munyonyo na msukosuko wote ukaanza. Mei 26 aliuawa Andrea Kaggwa, na Ponsiano Ngondwe njiani. Mei 27 Atanasi Bazzekuketta, na Gonzaga Gonza kule Lubowa, aliyekuwa amechoka kwa minyororo hata hawezi kuendelea. Siku hiyo pia Matia Mulumba alikatwa viungo akaachwa. Alikufa Mei 30. Mei 31 Noa Mawaggali, Mityana. Katikati ya tarehe hizo, waliofikishwa Namugongo walikuwa wamefungwa wakisubiri kuni zikusanywe. Wiki nzima. Vijana wengine walikuwa na miaka kumi na minne au zaidi kidogo, kama Kizito, na walipitisha siku hizo wakisali pamoja. Ninyi mtakuwa Muleba, Bukoba, Mutukula. Kadi za siku hizo ziandikeni juu ya kusubiri.

Barabara yenyewe ina historia yake, na iko sehemu mbili ambazo zitakufaa kuliko nyingine. Ya kwanza ni miinuko ya Muleba na Kamachumu, ambako utasukuma baiskeli sana. Huko ndiko alikotoka Laurean Rugambwa, aliyezaliwa 1912 na kubatizwa akiwa na miaka minane pamoja na wazazi wake. Alikwenda kusomea upadre katika seminari ya Katigondo, upande wa Masaka, yaani alivuka mpaka uleule mtakaouvuka Mutukula. Akapata upadre mwaka 1943, na mwaka 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi. Kaburi lake liko katika kanisa kuu la Bukoba. Pumzikeni hapo siku nzima, Mei 28: fueni nguo, fundi akaze spoku, kaeni kaburini dakika kumi bila simu. Kashozi, parokia mama ya jimbo hilo, iko karibu na mji. Ilianzishwa mwaka 1892 na watu waliokimbia vita vya Buganda. Mwenye nguvu aende, asiye nazo alale.

Ya pili ni daraja la Kyaka juu ya mto Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliliharibu mwaka 1978 yalipoivamia ardhi ya kaskazini mwa mto, na watu wa vijiji vya huko walipoteza nyumba, ng'ombe na ndugu. Vijana wa Kitanzania wakipita pale hupenda kuimba nyimbo za jeshi. Ningewashauri muache. Mtavuka mpaka baada ya saa chache na mtakuwa wageni wa watu ambao nao waliumizwa na utawala uleule. Kinachotia moyo pale ni wanakijiji waliorudi 1979 kwenye mashamba yaliyoungua wakaanza upya na miche ya migomba. Ukimpata mzee wa makamo ya miaka 60 na zaidi pale Kyaka au Bunazi, mwamkie, muulize alirudi lini na alikuta nini. Ukisikiliza, uliza pia, "Hilo uliliona mwenyewe au ulihadithiwa?" Yote mawili yana thamani, lakini kwenye kadi yaandike tofauti.

Ng'ambo ya mpaka sitakaa sana. Masaka ni jimbo lililokabidhiwa kwa Yosefu Kiwanuka, askofu wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, aliyewekwa wakfu Roma mwaka 1939, na pale Villa Maria, kaskazini kidogo mwa mji, ndipo walipopewa upadre Basil Lumu na Victor Mukasa mwaka 1913. Baada ya Lukaya, ambako wauzaji watakukimbilia na mishikaki na gonja, yaani ndizi za kuchoma (nunua ndizi, ni wanga safi), barabara inaingia kwenye kinamasi cha Lwera. Ni tambarare, hakuna mti wa kukinga upepo, na malori makubwa yanapita kasi. Nendeni mstari mmoja, mita kadhaa kati ya mtu na mtu, na hadithi zote ziwekwe kando mpaka Kayabwe kwenye alama ya ikweta, kilomita kama 75 kabla ya Kampala. Pale pigeni picha.

Historia ina hatari zake pia. Kubwa ni mtu kujifanya shahidi. Anavimba goti, anakojoa mkojo wa rangi ya kahawa, anakataa kusimama kwa sababu "Lwanga hakusimama". Lwanga alifungwa, wewe una hiari na una miguu ya kurudi nayo kazini. Kanisa halijamfundisha mtu yeyote kujitafutia mateso. Hatari ya pili ni hadithi ya upande mmoja. Waliouawa kati ya 1885 na 1887 na kukumbukwa kwa majina ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, na Waanglikana wana madhabahu yao Namugongo, si mbali na Basilika, yenye makumbusho ya kutembelea. Miaka kama kumi kabla, enzi za Mutesa, vijana Waislamu wa ikulu nao waliuawa Namugongo kwa ajili ya dini yao. Na Mwanga, kijana aliyerithi kiti mwaka 1884 wakati Wazungu wanaanza kujigawia pwani, alikuwa na hofu zilizokuwa na msingi, ingawa alichofanya kwa hofu hizo hakitetewi. Ukiyajua haya utajibu vizuri utakapoulizwa njiani, na utaulizwa.

Twende kwenye uamuzi wako. Mwanza hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 400, Bukoba hadi Mutukula kama 80, Mutukula hadi Masaka kama 90, na Masaka hadi Kampala kama 130. Ukirudia yote, unapita tena pale ulipoishia, na kwa watu wengi hiyo ina uzito wake. Lakini inahitaji miezi mitatu ya kujiandaa, siku nne kwa wiki, mpaka uweze kunyonga kilomita 70 Jumamosi na 70 tena Jumapili bila maumivu ya Jumatatu. Kama kazi haikuruhusu, panda basi hadi Bukoba, uanzie kaburini kwa Rugambwa. Ni siku nne za baiskeli na ni hija kamili. Mimi ningependelea uanzie Mwanza, kwa sharti la mazoezi hayo. Usiende peke yako kwa vyovyote vile. Kipande cha msitu kati ya Biharamulo na Muleba kipiteni mchana tu, wote pamoja, baada ya kuuliza polisi wa Biharamulo hali ya barabara siku hiyo.

Nadhiri ni jambo la paroko. Nadhiri ya mtu binafsi paroko wako ana mamlaka ya kukuondolea au kukubadilishia kwa sababu ya haki, na inawezekana atakwambia kitu ambacho hukutegemea kuhusu ile safari ya mwaka jana. Nenda kabla ya kuanza mazoezi, usije ukanyonga kilomita 700 kwa sababu ya deni ambalo halipo.

Nenda kwa daktari kabla ya safari kama una shinikizo la damu, kisukari, pumu, au ulishawahi kuzimia. Njiani, simama na utafute kituo cha afya siku hiyohiyo kwa maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa maneno, mkojo mweusi, homa yoyote (pima malaria, usimeze dawa kwa kubahatisha), au goti linalouma hata baada ya kulala usiku mzima. Ganzi ya vidole vya mkono au sehemu za siri ikidumu zaidi ya saa chache baada ya kushuka, rekebisha kiti na usukani. Isipoondoka, acha kuendesha. Na jambo moja umelitaja kwa neno moja tu: mama alilazwa. Kama tangu wakati huo hulali vizuri, chakula hakina ladha, kile kilio cha barabarani kinarudi ukiwa nyumbani umeshiba, na imepita wiki mbili au zaidi, hapo si suala la ndizi wala la kadi. Zungumza na daktari au mshauri nasaha wa hospitali ana kwa ana, na umweleze padre wako pia.

Mambo ya mpakani myamalize mapema. Pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria inatolewa Uhamiaji. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano inaanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa, kwa hiyo mkiondoka Mei 23 mwe mmechanjwa mwanzoni mwa Mei. Fikeni Kampala Juni 1, lalani, na Juni 2 asubuhi mwanzie Munyonyo, ulikoanzia msafara wa wafungwa, kwenda Namugongo. Ni kilomita zaidi ya ishirini ndani ya jiji lenye bodaboda na wahujaji wa miguu kwa maelfu, hivyo sehemu kubwa mtakokota. Jioni hiyo polisi hufunga barabara za karibu na madhabahu. Ulizeni mapema, kupitia parokia yenu, parokia ya jirani itakayowapokea na kuwawekea baiskeli, kwa sababu ndani ya uwanja haziingii. Kwa kurudi, mabasi ya Kampala kwenda Bukoba yanabeba baiskeli kwa malipo ya mzigo: fungua gurudumu la mbele, geuza usukani, toa upepo nusu kwenye matairi, na funga kitambaa kwenye cheni ili usigombane na mwenye mzigo wa pembeni.